Ubwiriunga wa mikorosho yetu na ugonjwa wa vyura wa Kihansi

Ukiwa mtu wa Newala au Masasi huhitaji kuelezwa salfa ni nini. Kuanzia Juni hivi, baridi ikishika na mikorosho ikianza kutoa majani machanga na maua, mashine za kupulizia zinanguruma mashambani tangu alfajiri. Watu hawaamki mapema kwa kupenda. Salfa ya unga inashika vizuri majani yakiwa bado na umande na upepo haujaanza.

Kinachopigwa vita pale ni ubwiriunga. Huo si mdudu na wala si laana ya mtu, ni kuvu, ambayo wataalamu wanaiita Oidium anacardii. Inapenda ubaridi na unyevu, na ukungu wa asubuhi wa kule juu Newala unaifaa sana. Ikivamia ua, ua linakauka, na bila ua hakuna korosho.

Ugonjwa huu uliripotiwa nchini mwaka 1979, wakati zao lilikuwa tayari taabani. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 hivi. Kisha watu wakahamishiwa vijijini, mashamba ya mbali yakamezwa na nyasi, na bei nayo ikakatisha tamaa. Ubwiriunga ukaja kumalizia. Kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Watafiti wa Naliendele kule Mtwara wakahimiza salfa, na katika miaka ya 1990 zao likaanza kuinuka tena.

Lakini tusijidanganye. Salfa imeokoa mavuno, ubwiriunga haukuondoka. Mwaka ukigeuka unarudi, na mkulima anarudi dukani. Hilo naomba ulishike, maana sasa natoka kwenye mikorosho naenda kwa chura.

Mwaka 1996, kwenye korongo la mto Kihansi, upande wa kusini wa milima ya Udzungwa, watafiti walikuta chura mdogo wa manjano ambaye sayansi ilikuwa haijamjua. Jike halifiki hata sentimita 3. Hatagi mayai kama vyura wengine, anazaa watoto walio hai. Dunia nzima alikuwa anaishi hapo tu, kwenye eneo la kama hekta 2 lililoloweshwa na rasharasha za maporomoko ya maji.

Maji hayo hayo ndiyo nchi ilikuwa inayataka kwa umeme. Bwawa la Kihansi lilipoanza kazi, mwaka 2000, sehemu kubwa sana ya maji ilielekezwa kwenye mitambo, na korongo likaanza kukauka. Yakafungwa mabomba ya kunyunyizia maji ili kuiga rasharasha. Vilevile mwishoni mwa mwaka huo vyura 499 walichukuliwa na kupelekwa Bronx Zoo, New York, na baadaye wakafugwa Toledo pia.

Kwa muda ilionekana mambo yametulia. Katikati ya 2003 vyura wa korongoni walikadiriwa kufika kama 20,000. Miezi michache baadaye walikuwa wanahesabika kwa vidole. Wataalamu wamebishana kuhusu chanzo, kwani maji yalishapungua na mazingira yalishavurugika, lakini mtuhumiwa mmoja mkubwa alikutwa kwenye vyura waliokufa: kuvu inayoitwa kitridi. Hii inakaa kwenye ngozi. Na chura hutumia ngozi kunywa maji, kuvuta hewa na kulinda chumvi za mwili wake. Ngozi ikiharibika chumvi zinapungua, na mwishowe moyo unasimama. Mwaka 2009 chura wa Kihansi alitangazwa kuwa ametoweka porini.

Je, kitridi haina dawa? Ipo. Chura mgonjwa anaogeshwa kwenye maji yenye itrakonazoli kidogo sana, dakika chache kila siku kwa siku kumi hivi, na wengi wanapona. Wanaofuga aksolotli, yule jamaa wa chura mwenye mkia kutoka Meksiko, wanajua mambo ya namna hii. Akijeruhiwa na kidonda kikaota kuvu nyeupe kama pamba, wanamtenga kwenye maji safi ya baridi na kumwogesha maji ya chumvi kwa muda mfupi. Lakini ukimrudisha kwenye tangi lile lile chafu, kuvu inarudi pale pale.

Hapo ndipo penye kazi. Tangi unaweza kulisafisha. Korongo la Kihansi utalisafishaje? Vyura wengine wanaweza kubeba kuvu ile ile, na maji yanapita yenyewe. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa kutoka Marekani na kuwekwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kuachiwa korongoni kwao. Ilikuwa hatua kubwa kwa dunia nzima, si kwetu tu. Hata hivyo mwaka 2014 watafiti waliandika kwamba kitridi ilikutwa hata kwenye kituo cha kuwazalisha pale pale Kihansi.

Wapo waliocheka, eti nchi maskini inahangaika na chura. Mimi nasema watu wa kusini tusiwe wa kwanza kucheka. Sisi tunajua kuvu haifukuzwi mara moja ikaisha. Tunajua dawa inamponya mgonjwa bila kuponya mahali anapoishi, na ndiyo maana tunarudi shambani kila mwaka. Tofauti ni kwamba mkorosho una mwenyewe. Kwa sababu unamlipia karo ya watoto, ataamka alfajiri hata kama amechoka.

Chura wa Kihansi halipi karo ya mtu. Anachotegemea ni kwamba kutakuwa na mtu wa kuangalia mabomba yale na kuwapima vyura mwaka huu, mwakani, na mwaka wa kumi, hata baada ya wafadhili kuondoka na magazeti kusahau. Tuliamua kuchukua maji yake, na sisi sote tunawasha taa. Basi zamu ya kuamka alfajiri ni yetu.