Dekano, amidi: cheo kilichozaliwa kwa watu kumi

Oktoba 22, 2026 inatimia miaka 60 tangu afariki Hewlett Johnson, kasisi wa Kianglikana ambaye Waingereza walimwita Dekano Mwekundu. Ni wakati mzuri wa kukumbuka cheo chake kilikotoka, maana nasi tunacho: Wakatoliki wana dekano, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina amidi.

Asili ya neno dekano ni Kilatini, decem, yaani kumi. Katika jeshi la Roma, decanus alisimamia askari wenzake wa hema moja. Watawa wakakichukua cheo hicho. Katika karne ya 6, Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, sura ya 21, iliagiza monasteri yenye watu wengi iwe na madekano, kila mmoja na kundi lake, kama balozi wa nyumba kumi. Wachaguliwe kwa mwenendo na hekima, wala si kwa kutangulia kuingia utawani. Dekano akipandwa na kiburi aonywe hadi mara tatu; asiposikia, aondolewe.

Kutoka monasterini cheo kilihamia makanisa makuu, kisha vyuo vikuu vya Ulaya. Lile sharti la kuondolewa likafifia njiani. Kilichotokea katika kanisa kuu la Canterbury, Uingereza, kama anavyokisimulia John Butler katika wasifu wa Johnson uliotoka 2011, kinaonyesha lilikofikia.

Johnson alipewa udekano wa Canterbury mwaka 1931. Uteuzi ulikuwa wa Mfalme, si wa Askofu Mkuu. Mwaka 1939 alitoa kitabu cha kuisifu Urusi ya Kisovieti; mwaka uliofuata makanoni wenzake wakajitenga naye hadharani kwa barua gazetini. Mwaka 1951 akapokea Tuzo ya Amani ya Stalin. Mwaka 1952 akarejea kutoka China akidai Wamarekani wametumia silaha za vijidudu katika vita vya Korea, na wengi Uingereza wakapiga kelele aondolewe. Ng'ambo, wengi hawakumtofautisha Dekano wa Canterbury na Askofu Mkuu wa Canterbury, hivyo Askofu Mkuu Geoffrey Fisher akabeba lawama za maneno asiyoyasema. Fisher alilieleza Baraza la Mabwana kwamba, maadamu dekano hajavunja sheria, hakuna wa kumng'oa. Johnson akabaki, akatundika bango kubwa la kupinga silaha za nyuklia mbele ya nyumba yake, na akastaafu kwa hiari mwaka 1963 akiwa na miaka 89.

Katika elimu ya juu ya Tanzania cheo kilianza na Kitivo cha Sheria, 1961, ndani ya jengo la TANU, Dar es Salaam, A.B. Weston akiwa amidi wa kwanza. Vitivo vingine vikafuata.

Leo wanafunzi wengi wanamjua amidi kwa saini yake tu, na hilo linasikitisha. Sheria ya Kanisa Katoliki ya 1983 bado inamtaka dekano ahakikishe paroko aliye mgonjwa mahututi hakosi msaada, na akifa azikwe kwa heshima. Huo ndio udekano wenyewe. Vyuo vyetu vinapoteua amidi, viangalie shahada zake, ndiyo, lakini viulize pia kama anawajua watu wake, na viwe na ujasiri wa kumwondoa asiyewajali.