Jina la Sendwe

Mgonjwa wa Katuba, wa Kenya au wa Kamalondo akizidiwa, jamaa zake husema: "Tumpeleke Sendwe." Siku hizi neno hilo ni jina la nyumba tu, ile hospitali kubwa ya serikali hapa Lubumbashi. Vijana wetu wachache wanakumbuka kwamba Sendwe alikuwa mtu, tena mtu wa kazi ya kuuguza, aliyetamani kuwa daktari asipate njia.

Jason Sendwe alizaliwa mwaka 1917 huko Mwanya, katika nchi ya Kabongo. Alisoma katika shule za Wamethodisti, akawa mhubiri, mwalimu, kisha mwuguzi. Udaktari hakuupata, wala si kwa uvivu au kwa uchache wa akili. Katika Kongo nzima ya siku zile haikuwako shule hata moja ambayo Mwafrika angeweza kuingia na kutoka daktari kamili. Wazee wanamjua kama mkuu wa chama cha BALUBAKAT, makamu wa waziri mkuu tangu Agosti 1961, aliyeuawa Albertville, yaani Kalemie ya leo, mwezi wa Juni 1964. Mambo hayo ya siasa yana waandishi wake. Mimi nataka kusema juu ya ule mlango uliofungwa, maana upungufu wa madaktari tunaoulalamikia leo una mzizi pale.

Wabelgiji walijenga, tusiwanyime haki yao. Walijenga hospitali na dispensari nyingi, wakapigana na ugonjwa wa malale kijiji kwa kijiji. Mwaka 1936 ilifunguliwa Léopoldville shule ya wasaidizi wa madaktari. Na kule Kisantu, kwenye misioni ya Mapadri Wajesuiti, kazi ya FOMULAC, iliyoanzishwa mwaka 1926 na Chuo Kikuu cha Louvain, ilifundisha wasaidizi wa namna ile ile. Walisoma miaka sita. Baadaye walipima, walitibu, walichoma sindano, wakaangalia wagonjwa usiku kucha, lakini daima chini ya amri ya daktari Mzungu, hata kama huyo alikuwa kijana aliyeshuka juzi kutoka Ubelgiji. Ngazi ilikuwa nzuri. Walakini kipandio cha mwisho kilikuwa kimeondolewa. Kule Uganda, Makerere ilianza kufundisha kazi ya uganga mwaka 1924.

Chuo cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954, na chuo kikuu cha Élisabethville kikafuata mwaka 1956. Udaktari ulidai karibu miaka saba. Basi, msomaji, fanya hesabu mwenyewe: madaktari wa kwanza wa Lovanium walimaliza mwaka 1961, na uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960! Siku ile nchi ya watu zaidi ya milioni 13 haikuwa na daktari Mkongo hata mmoja. Wasaidizi walikuwa mia moja na kitu. Askari walipoasi mwezi wa Julai, madaktari wengi wa Kibelgiji walikimbia, na Shirika la Afya la Dunia likaleta madaktari kutoka nchi nyingine. Pia liliwapeleka wasaidizi kadhaa Ufaransa kumaliza masomo. Mwaka 1963 walianza kurudi, nao ni madaktari. Kumbe cheo walichonyimwa miaka yote walihitaji miaka kama mitatu tu kukipata.

Kwetu Katanga mambo yalikuwa na sura yake. Union Minière ilikuwa na hospitali zake na waganga wake. Hapo mwanzo wafanyakazi walikufa wengi kwa ugonjwa wa mapafu na kuhara, na tangu miaka ya 1920 kampuni ilitambua kwamba mtu mwenye afya, anayekaa na mke na watoto, anafaa kuliko mgeni wa miezi michache. Daktari Léopold Mottoulle alikuwa mmoja wa wakuu wa mpango huo. Akina mama walipimwa, watoto walipimwa. Lakini dawa ilimfuata mtu aliyeandikwa kazini. Jirani yake asiye na kazi alitazama kwa mbali. Gécamines ilirithi desturi hiyo. Shimo la Kamoto lilipoporomoka mwaka 1990, kampuni ilianguka pole pole, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walilipwa na kuondoka katika ule mpango ulioitwa wa hiari. Familia zao, zilizozoea kutibiwa bila kulipa, zikajikuta mbele ya kaunta ya malipo kama watu wengine wote.

Leo vyuo vyetu vinatoa madaktari kila mwaka, ila wengi wanabaki mjini, na wengine wanavuka mpaka kwenda Zambia na Afrika ya Kusini. Kule Mitwaba au Pweto kituo cha afya kinashikwa na mwuguzi. Watu wanamwita munganga, naye anafanya kazi ya munganga. Mshahara wa serikali ukichelewa, anaishi kwa sehemu ya fedha wanazolipa wagonjwa. Kwa hiyo asiye na fedha anangoja nyumbani mpaka homa imshinde. Hapa mjini nako, katika hospitali kadhaa, mama aliyekwisha kujifungua anazuiliwa wodini mpaka deni lilipwe. Mashirika yetu ya mtaa yanalijua jambo hilo vizuri, maana mara nyingi ndiyo yanayochanga ili mama atoke na mtoto wake.