Kipande, Daftari na Pasipoti: Taarifa za Msafiri katika Nchi ya Majani Chai

Kaplong ni mji mdogo wa eneo la Sotik, Kaunti ya Bomet nchini Kenya, ulioko pale ambapo barabara itokayo Kericho kupitia Litein hukutana na ile itokayo Narok na Bomet kuelekea Kisii, na kwa sababu hiyo maisha yake yamefungamana tangu zamani na safari za watu. Katika nchi hii ya majani chai, anayekwenda mbali kutafuta kazi, masomo au biashara amezoea kupitia kwa mtu wa kati, ambaye pamoja na malipo humdai pia taarifa za kibinafsi, yaani habari zinazoweza kumtambulisha mtu mmoja na kumtofautisha na wengine. Historia ya taarifa hizo ni historia ya mamlaka: nani alizichukua, kwa shabaha gani, na kama mwenyewe aliweza kuhoji.

Mfumo wa kwanza ulioandikwa wa kuzikusanya ulikuwa wa kipande, cheti kilichotokana na sheria ya usajili wa Waafrika ya mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha umri wa miaka 16 alitakiwa kukibeba, kwa kawaida ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni, nacho kilionyesha jina lake, kabila lake, alama za vidole, mwajiri wake, mshahara wake na tarehe za kuanza na kumaliza kazi. Kampuni za Brooke Bond na African Highlands zilipoanzisha mashamba makubwa ya chai ya Kericho katikati ya miaka ya 1920 na kuvuta vibarua kutoka Nyanza na kwingineko, waliofika walikuwa tayari chini ya mfumo huo, ambamo kibarua aliyeondoka bila mwajiri kutia sahihi ya kumwachilia alihesabiwa kuwa mtoro na aliweza kusakwa kwa kumbukumbu zilizowekwa Nairobi. Taarifa zilikuwa zake, lakini kalamu ilikuwa mkononi mwa mwingine.

Upinzani haukukawia. Kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko yaliyotolewa na mwanaharakati Harry Thuku na wenzake, na Thuku alipokamatwa Machi 1922, umati uliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe ulipigwa risasi na watu wakauawa. Sheria ya mwaka 1947 ilileta usajili wa watu wa rangi zote, na baada ya uhuru kitambulisho cha taifa kikarithi nafasi ya kipande, ingawa wanawake hawakuingizwa katika usajili huo hadi mwishoni mwa miaka ya 1970.

Huduma ya M-Pesa, ya kutuma fedha kwa simu, ilipoanza mwaka 2007, taarifa za kibinafsi ziliingia pia katika daftari la wakala wa mtaani, ambamo jina, namba ya simu na namba ya kitambulisho viliandikwa mbele ya macho ya mteja aliyefuata. Wakala wa safari huhitaji zaidi ya hayo, kwa kuwa hupokea nakala ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa na pengine hata vyeti vya afya, kisha huvipeleka kwa mashirika ya ndege, hoteli na balozi. Uhifadhi wa nafasi katika ndege hupewa alama fupi yenye jumla ya herufi au tarakimu sita, ambayo katika mashirika mengi, ikiunganishwa na jina la ukoo, humwezesha yeyote kuiona au hata kuibadilisha safari ya mwenzake. Kwa hiyo kuianika tiketi kwenye mitandao ya kijamii ni hatari.

Badiliko kubwa lilikuja kwa Katiba ya mwaka 2010, ambayo Ibara yake ya 31 inalinda faragha, na kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, iliyounda ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sheria hiyo inamtaka anayekusanya taarifa aeleze shabaha yake, achukue zile tu zinazohitajika, asizihifadhi kupita muda unaofaa, na endapo zitavuja kwa namna inayoweza kumdhuru mwenyewe, amjulishe Kamishna ndani ya saa 72. Msafiri wa Kaplong anayo basi haki ya kumuuliza wakala nakala ya pasipoti yake itapelekwa kwa nani na itafutwa lini, ya kudai makosa yasahihishwe, na ya kulalamika kwa Kamishna akipuuzwa. Na ni busara akatae kumwachia pasipoti yenyewe muda mrefu kuliko shughuli inavyohitaji, na aandike juu ya kila nakala tarehe na shabaha ya kutolewa kwake.

Vibarua wa miaka ya 1920 hawakuwa na pa kuuliza maswali hayo, na waliothubutu kupinga walilipa gharama kubwa. Haki waliyonyimwa sasa imeandikwa katika sheria, lakini itakuwa na nguvu pale tu msafiri atakapoidai kabla ya kukabidhi karatasi zake, na wakala atakapotambua kwamba alichopokea ni amana ya mtu na wala si mali yake.