Sarafu ya Jamii

Sarafu ya jamii ni hati, au tarakimu za simu, ambazo watu wa mtaa mmoja huzikubali baina yao badala ya shilingi, na ambazo thamani yake imesimama juu ya kuaminiana. Asili yake katika pwani ya Kenya ni mweria, kazi ya zamu ya Wamijikenda: leo majirani hulima konde la huyu, kesho la yule, na aliyelimiwa hubaki na deni la jembe, deni tukufu kuliko la fedha. Bangla-Pesa, sarafu ya jamii ya noti, ilipozinduliwa Mikindani, Mombasa, mwaka 2013, waasisi wake walitiwa mbaroni, kisha mashtaka yakafutwa mwaka uo huo. Baadaye noti zikafuatwa na Sarafu, mtandao wa simu uliofika hata Kinango, Kwale, ambako muuza mahamri aliweza kubonyeza simu yake ya kabambe akalipia mtungi wa maji. Salio lililowekwa lilipunguzwa kidogo kidogo, na hapo ndipo penye hekima yake, kwani mwanachama alihimizwa kurejea sokoni kwa wenziwe kabla halijapungua.