Picha za Mwezini na Kanda Zilizofutwa

Katika somo lililopita tulieleza kwamba picha ya televisheni si kitu kimoja kizima, bali ni mistari mingi inayochorwa mmoja chini ya mwenziwe, upesi sana hata jicho likadhani linaona picha moja inayotembea. Leo tutaeleza habari ya vipimo vya picha, na jinsi picha ya kipimo kimoja inavyogeuzwa kuwa ya kipimo kingine. Mfano wetu ni safari ya mwezini ya mwaka 1969.

Kwanza tujiulize: kwa nini vipimo viwe vingi? Sababu moja kubwa ni umeme. Mkondo wa umeme wa Uingereza hupiga mara 50 kwa sekunde, na wa Marekani mara 60. Mafundi wa kwanza waliufuata mwendo huo ili picha zisitikisike. Basi Uingereza ilipoanza matangazo yake London mwaka 1936, ilifuata picha 25 kwa sekunde, na kipimo kilichodumu kilikuwa cha mistari 405. Marekani mwaka 1941 ilichagua picha 30 zenye mistari 525. Baada ya vita Ufaransa ikachukua mistari 819, na nchi nyingi za Ulaya 625. Watu walipokwisha kununua mitambo, kurudi nyuma kukawa kugumu.

Msafirishaji wa mizigo wa Tanzania atalifahamu jambo hili mara moja. Njia ya reli ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067, na Reli ya Kati ya zamani milimita 1,000. Behewa la kawaida la huku haliwezi kupita kule. Hapana budi mzigo ushushwe na kupakiwa upya. Na mizigo inaposhushwa, magunia hupasuka. Picha nazo ni hivyo hivyo.

Sasa twende mwezini. Chombo kilichowashusha Neil Armstrong na mwenziwe Buzz Aldrin kilikuwa na njia nyembamba ya kupeleka habari duniani. Katika njia hiyo zilipita sauti zao, habari za afya zao, na habari za mitambo. Nafasi iliyobaki kwa picha haikutosha televisheni ya kawaida. Kwa hiyo kamera ilitengenezwa kwa kipimo chake peke yake: picha 10 tu kwa sekunde, kila moja yenye mistari 320. Fanyeni hesabu. Mistari 320 mara 10 ni mistari 3,200 kwa sekunde. Televisheni ya Marekani, 525 mara 30, ni 15,750. Basi kamera ya mwezini ilipeleka karibu sehemu moja ya tano tu.

Picha hizo zilipokewa Goldstone katika California, na huko Australia katika vituo vya Honeysuckle Creek na Parkes. Lakini hakuna televisheni ya nyumbani iliyoweza kuzionyesha. Ilibidi zigeuzwe, na njia iliyotumika ilikuwa hii: picha ya mwezini ilionyeshwa juu ya kioo kidogo, na mbele ya kioo hicho ikasimamishwa kamera ya televisheni ya kawaida, ikikitazama. Televisheni ya Marekani huchora kila picha kwa nusu mbili, yaani nusu-picha 60 kwa sekunde. Kamera ile ilitoa nusu-picha moja, kisha sahani ya sumaku iliyoihifadhi ikairudia mara tano zaidi. Hivyo kila picha ya mwezini ikazaa nusu-picha sita, na kumi zikazaa sitini. Hesabu ikatimia.

Hesabu ilitimia, lakini magunia yalipasuka. Kamera inayotazama kioo haioni kila kitu kilichomo. Vivuli vikawa vyeusi mno, weupe ukawaka, na watu wakaonekana kama mizimu. Kisha picha zikasafiri mpaka Houston, na katika nchi za mistari 625 zikageuzwa tena. Huku kwetu ilikuwa alfajiri ya tarehe 21 Julai, inakaribia saa kumi na mbili, Armstrong alipokanyaga ardhi ya mwezi. Duniani watazamaji walikuwa zaidi ya milioni 500, na karibu wote waliona nakala iliyofifia. Mafundi wachache vituoni ndio waliokiona kile kioo kidogo chenye picha safi, na baadhi yao walikipiga picha kwa kamera za mkononi.

Lakini picha zile safi, kabla ya kugeuzwa, zilirekodiwa pia katika kanda kubwa za sumaku pamoja na habari nyingine za chombo. Kanda zikawekwa ghalani, na miaka ikapita. Mafundi wastaafu walipozitafuta, hazikuonekana. Mwaka 2009 NASA ilieleza kwamba, kwa kadiri uchunguzi ulivyoonyesha, zilikwisha futwa miaka mingi nyuma na kutumiwa tena, kwa kuwa kanda mpya zilikuwa haba.

Angalieni jambo hili vizuri. Hapakuwa na mwizi, wala moto. Aliyefuta alikuwa akifanya kazi yake. Ilidhaniwa kwamba maadamu dunia nzima imekwisha kuona, hakuna kilichopungua. Mwaka huo huo wa 2009 nakala bora za matangazo zilikusanywa na kusafishwa kwa ustadi. Zinapendeza zaidi kuliko zamani, lakini kusafisha si kurudisha. Mstari uliopotea katika kugeuzwa haurudi.

Mpaka leo vipimo havijawa kimoja. Kuna nchi za picha 25 kwa sekunde, na nchi za picha 29.97, hesabu iliyotokana na kuingizwa rangi Marekani mwaka 1953. Kwa hiyo yeyote anayehariri picha na kuzipeleka kwingine ashike mambo matatu. Kwanza, aulize kipimo cha anayepelekewa kabla ya kuanza kazi. Pili, ageuze mara moja tu, tena kutoka asili, si kutoka nakala. Tatu, aitunze asili na kuiandika jina lake wazi, hata baada ya kazi kwisha, ili atakayekuja nyuma ajue kilichomo kabla hajafuta.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi:
1. Kwa nini kamera ya mwezini haikufuata kipimo cha kawaida?
2. Ikiwa picha 10 kwa sekunde zinatakiwa ziwe 25, kila picha itarudiwa mara ngapi? Kuna tatizo gani?
3. Katika ofisi au nyumba zenu, ni kitu gani cha asili ambacho watu wanakitupa kwa sababu nakala ipo?

Kwaherini mpaka somo lijalo.