Kisima, Mfereji na Hongo: Maneno ya Maji katika Njia ya Misafara ya Tabora

Mfasiri anayekabidhiwa ripoti ya kilimo cha maji ya ardhini hukutana mapema na neno umwagiliaji, na aghalabu hulipokea bila kulichunguza. Asili yake ni kitenzi mwaga, kikapata mwagia na mwagilia. Yaani mtu, chombo mkononi, akilimiminia tuta maji. Katika maandishi ya serikali, hata hivyo, neno hilo limeelekea mno kwenye mabanio, mabwawa na skimu, hata yule aliyeko bondeni Tabora, mwenye kisima chake na ndoo yake, akaonekana kuwa hamwagilii bali anatunza bustani tu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba historia ya magharibi ya Tanzania haikubaliani na mgawanyo huo.

Tuanze na jina. Kanyenye ni kata ya mjini Tabora. Lakini wasafiri wa karne ya 19 walitaja pia Kanyenye ya Ugogo, nchi ya mtemi Magomba, ambako misafara ilipita ikitoka pwani. Asomaye maandishi yao asizichanganye. Katika Ugogo maji yalikuwa haba, na majina ya njia hiyo yanatosha kuwa ushahidi: Marenga Mkali, maji machungu, Mgunda Mkali, nyika iliyoogopwa na wapagazi. Huko ndiko msafara ulikotozwa hongo. Leo hongo ni rushwa, wala hapana mwalimu atakayelifundisha kwa maana nyingine; bali wakati ule lilikuwa ushuru uliotozwa waziwazi na watawala, na ndani yake mlikuwamo haki ya kunywa katika visima na vidimbwi vya wenyeji. Mamia ya watu na punda wakikinywea kisima cha kiangazi, wenyeji hubakiwa na tope. Mfasiri atakayeiita hongo hiyo rushwa atakuwa amewahukumu Wagogo kwa kosa ambalo hawakulitenda.

Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, katika Unyanyembe, tarehe 7 Novemba 1857, wakapokewa na Snay bin Amir, Mharthi mwenye asili ya Oman. Waarabu waliokaa hapo na Kwihara walilima bustani za vitunguu na mboga, na ngano pia. Ngano si zao la masika ya Unyamwezi. Mvua za Tabora hunyesha kati ya Novemba na Aprili, kisha miezi ya kiangazi hupita karibu bila tone. Alimaye wakati huo hutegemea unyevu uliobaki bondeni au maji anayoyateka. Kazi hiyo ya kuteka na kumwagilia haikufanywa na matajiri wenyewe. Ilifanywa na watumwa na watumishi wao, nayo ni sehemu ya historia hii ambayo neno bustani huificha kwa upole mno.

La kushangaza ni neno ambalo halikufika. Oman ya bara ni nchi ya falaj, yaani mfereji unaochimbwa chini ya ardhi toka chanzo cha maji na kuyaongoza kwa mteremko hadi mashambani. Mitano kati yake iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Watu waliokulia katika elimu hiyo walifika Tabora, wakachimba visima tu. Sababu yake, kwa maoni yangu, ni ardhi yenyewe. Tabora imekaa juu ya mawe ya matale, na maji hukaa katika tabaka la juu lililooza, karibu na uso wa nchi hasa mabondeni, lakini si mengi. Hapana mlima wa kuyakusanya wala mteremko wa kuyaleta. Wako watakaovutiwa kulihusisha neno mfereji na falaj kwa kuwa sauti zinakaribiana. Mfanano wa sauti peke yake si ushahidi. Zaidi ya hayo, mfereji wenyewe una utata: kwa Mzanzibari maji ya mfereji ni maji ya bomba, ilhali kwa Mchaga ni handaki literemkalo toka Kilimanjaro.

Wenyeji nao walikuwa na msamiati wao. Mbuga, ambayo kwa mtalii ni hifadhi ya wanyama, kwa mkulima wa Unyamwezi na Usukuma ni bonde la udongo mweusi lishikalo maji, mahali pa mpunga. Lambo limekwisha ingia katika maandishi ya serikali. Na mjini Tabora iko kata iitwayo Chemchem, isiyohitaji mfasiri.

Visima vifupi vilikuwa na mpaka wake. Mji ulipokua, hasa baada ya reli kufika mwaka 1912, havikutosheleza. Yakajengwa mabwawa ya Kazima na Igombe, na katika miaka ya karibuni yakaletwa maji ya Ziwa Viktoria.

Upande wa Dodoma, visima virefu vya Makutupora vimepimwa kwa zaidi ya nusu karne. Vipimo vimeonyesha kwamba maji hushuka miaka kadhaa mfululizo, kisha hupanda ghafla baada ya masika makubwa kama yale ya 1997/98. Tendo hilo la ardhi kupokea maji tena tuliiteje? Ujazo limekwisha chukuliwa na walimu wa hisabati. Ujazaji linadai mtendaji, na hapa hapana ajazaye. Napendekeza ujazikaji, kutokana na jazika, ingawa najua kwamba masikio yatalikataa mwanzoni.

Kuhusu umwagiliaji, Sheria ya Taifa ya Umwagiliaji ilitungwa mwaka 2013, na taarifa za wilaya huandikwa kwa kuifuata. Ofisa ajazaye fomu akiliacha neno katika maana yake ya asili, mwenye ndoo atahesabiwa. Akilifunga ndani ya skimu, kisima chake hakitaonekana katika mpango wowote wa kugawa maji ya bonde lile.