Jicho la Mlangoni: Historia ya Kengele ya Video

Kengele ya video ni kitufe cha mlangoni kilichounganishwa na kamera, maikrofoni, spika na Wi-Fi. Mgeni akibonyeza, au akikaribia tu, simu ya mwenye nyumba hulia; humwona aliyefika na huweza kuzungumza naye hata akiwa mji mwingine. Bidhaa hii ilianza kuenea baada ya 2013. Hata hivyo, nguzo zake kuu zilikwisha kuelezwa katika ombi la hataza lililowasilishwa Marekani mwaka 1966: kamera mlangoni, mazungumzo mlango ukiwa umefungwa, na kufuli linalofunguliwa kwa mbali. Nusu karne iliyofuata ilishusha bei ya vipuri, kisha ikabadili jambo moja zito, nalo ni mahali picha ya mgeni inakokwenda.

Kabla ya kamera

Kabla ya umeme, mgeni alijulikana kwa sauti yake au kwa namna alivyogonga. Katika pwani ya Afrika Mashariki hupigwa hodi, na mafundisho ya Kiislamu yanamtaka mgeni aombe ruhusa mara tatu, asipoitikiwa arudi alikotoka. Aliye ndani huitambua sauti ya jirani, ya ndugu au ya mtu asiyemfahamu kabla hajaondoa komeo. Ulaya, nyumba za wenye uwezo zilifungwa vigongeo vya chuma mlangoni, au kengele zilizovutwa kwa waya ili mtumishi asikie akiwa jikoni.

Mwaka 1831 Joseph Henry, mwalimu wa Albany Academy katika jimbo la New York, alipitisha umeme kwenye waya wenye urefu wa zaidi ya kilomita moja na nusu, akaigonga kengele iliyokuwa upande wa pili. Kengele ya umeme ya majumbani ilitokana na kanuni hiyo. Umeme ukipita kwenye koili, koili hugeuka sumaku na kuvuta kinyundo. Kinyundo kikigonga, mguso wa waya huachana, sumaku hufa na springi hukirudisha. Mguso hukutana tena, na mchezo huo hurudiwa mara nyingi kwa sekunde. Katika miaka ya 1930 nyumba za Marekani zilianza kupendelea kengele ya sauti mbili. Ndani yake mna kipande cha chuma kinachoruka kugonga bati la kwanza kitufe kinapobonyezwa, kisha springi hukirudisha kugonga bati la pili kitufe kinapoachiwa.

Faida ilikuwa kubwa, kwani kengele ilisikika hata chumba cha mwisho. Lakini kitufe hulia vilevile kwa kila kidole. Aliyekuwa ndani alisikia kwamba kuna mtu, asijue ni nani. Kwa muda mrefu pengo hilo lilizibwa kwa tundu dogo la kuchungulia lenye lenzi, ambalo lilimlazimu mwenye nyumba kusimama nyuma ya mlango, hatua moja tu kutoka kwa mtu asiyemjua.

Muuguzi wa Queens

Marie Van Brittan Brown alikuwa muuguzi aliyeishi Jamaica, katika wilaya ya Queens, New York. Mumewe, Albert Brown, alikuwa fundi wa elektroniki. Saa zao za kazi hazikuwa za kawaida, hivyo mara nyingi Marie alikuwa nyumbani peke yake usiku. Uhalifu ulikuwa ukiongezeka, na polisi walichukua muda kufika walipoitwa. Alitaka kumwona aliye mlangoni bila kuusogelea mlango.

Tarehe 1 Agosti 1966 wawili hao waliwasilisha ombi la hataza ya mfumo wa ulinzi wa nyumba unaotumia televisheni. Mlango ulitobolewa matundu manne ya kuchungulia yaliyopangwa kwa urefu tofauti, ili mtu mrefu, mtu mfupi na mtoto wote waonekane. Nyuma ya matundu hayo kamera ilipanda na kushuka kwa mota. Picha yake ilifika kwenye televisheni iliyowekwa chumba cha kulala. Maikrofoni na spika zilimwezesha aliye ndani kumhoji mgeni. Kitufe kimoja kilifungua kufuli kwa mbali, na kingine kilipeleka ishara ya hatari kwa walinzi au polisi. Hataza namba 3,482,037 ilitolewa tarehe 2 Desemba 1969, na siku chache baadaye gazeti la The New York Times liliandika habari zake.

Mfumo huo haukupata kuingia viwandani kwa wingi. Kamera za wakati ule zilitegemea mirija ya kioo isiyo na hewa ndani. Zilikuwa nzito, zililamba umeme na bei yake ilikuwa juu. Kamera za ulinzi zilikwenda kwanza kwa waliomudu gharama, yaani mabenki, maduka makubwa na ofisi za serikali. Majengo ya ghorofa nayo yakapata vioo vidogo vya video vilivyounganishwa na lango kwa nyaya. Nyumba ya kawaida ilibaki na kitufe chake.

Vipuri vilivyosubiriwa

Mwaka uleule wa 1969, katika maabara za Bell, Willard Boyle na George Smith walibuni kipande cha silikoni ambacho baadaye kilitumika kunasa picha bila mrija. Kazi hiyo iliwapa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2009. Katika miaka ya 1990 Eric Fossum na wenzake katika maabara ya NASA huko California waliendeleza kihisi cha aina nyingine, kilichotumia umeme kidogo na kilichoweza kutengenezwa kwa mashine zilezile za vichipu vya kompyuta. Kihisi cha aina hiyo ndicho kilichoingia kwenye simu za mkononi, na kwa kuwa simu zilitengenezwa kwa mamilioni, bei ya kamera ikaporomoka.

Vipande viwili vilivyobaki vilikuja kwa njia zao. Kanuni za kwanza za Wi-Fi zilitolewa mwaka 1997. Simu ya iPhone iliingia sokoni mwaka 2007, na mwaka uliofuata Apple ikafungua duka lake la programu. Tangu hapo kampuni yoyote ndogo iliweza kutumia kioo ambacho mteja alikuwa nacho mfukoni, bila kumuuzia televisheni ya ziada.

Mwaka 2011 Jamie Siminoff alikuwa akifanya kazi kwenye gereji ya nyumba yake California, na humo hakuisikia kengele ya mlangoni. Aliunda kifaa kilichopeleka picha ya mlangoni kwenye simu, akakiita DoorBot. Novemba 2013 alionekana katika kipindi cha televisheni cha Shark Tank akiomba dola 700,000 kwa asilimia 10 ya kampuni. Mwekezaji mmoja tu alitoa masharti yake, naye Siminoff akayakataa. Hakupata mtaji, lakini watazamaji walianza kununua. Mwaka 2014 jina likabadilishwa kuwa Ring, na mwaka 2018 Amazon ikainunua kampuni hiyo kwa kiasi kilichoripotiwa kuzidi dola bilioni moja. Mwaka huohuo Siminoff alirudi katika kipindi kile, safari hii akiwa upande wa wawekezaji. SkyBell, Nest ya Google na Eufy nazo zilikuwa zimeingia au zilikuwa njiani kuingia katika soko hilo.

Ufungaji na urithi wa nyaya za zamani

Kengele za video za aina ya waya zilibuniwa zikae mahali pa kitufe cha zamani, na ndiyo maana ufungaji wake hutegemea umeme wa kengele iliyotangulia. Nyumba za Marekani huwa na transfoma ndogo inayoshusha umeme hadi volti 16 au 24. Nchini Uingereza transfoma nyingi za kengele hutoa volti 8, kiasi kisichotosha kwa kamera nyingi.

Nyaya mbili zilizokuwa za kitufe hubeba mzigo mpya. Kitufe cha zamani kilipitisha umeme pale tu kilipobonyezwa, ilhali kamera inahitaji umeme usiku na mchana. Waundaji walitatua hilo kwa kuvuta mkondo mdogo kupitia kengele ya ndani, mdogo kiasi cha kutokisogeza kile kipande cha chuma. Mgeni akibonyeza, kifaa huuachia mkondo kamili ili kengele ilie, na kwa nukta hiyo kamera huishi kwa akiba iliyomo ndani yake. Transfoma ikiwa dhaifu, kengele hunguruma yenyewe au kamera hujizima. Ndiyo sababu vifaa vingi huja na kipande kidogo cha kufungwa kwenye kengele ya ndani ili kurekebisha njia ya umeme.

Katika nyumba za Afrika Mashariki urithi ni mwingine. Zipo kengele ambazo swichi yake hupitisha umeme wa nyumba wa volti 230 moja kwa moja, na kamera ya volti 24 ikifungwa hapo huungua papo hapo, mbali na hatari kwa anayeifunga. Fundi umeme hupima kwanza, kisha huweka transfoma. Asiye na nyaya zinazofaa huchagua kifaa cha betri ya kuchaji. Nyumba nyingi za mijini zina ukuta na geti, kwa hiyo kitufe hukaa mbali na ruta, na kuta za matofali hudhoofisha mawimbi. Mawimbi ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri kuliko yale ya gigahezi 5, na mara nyingine hulazimu kuweka kikuza mawimbi karibu na geti. Umeme ukikatika, kamera ya betri hubaki hai, lakini ruta ikizimika haina njia ya kumfikia mwenye simu.

Hatua zenyewe ni chache. Umeme huzimwa kwenye swichi kuu, kitufe cha zamani hufunguliwa kwa bisibisi, bati la kushikilia hufungwa ukutani kwa skrubu, nyaya mbili huunganishwa nyuma ya kifaa, kisha kifaa hubanwa juu ya bati. Urefu unaopendekezwa kwa kawaida ni kama mita 1.2 kutoka chini, ili uso wa mgeni na mzigo uliowekwa kizingitini vyote vionekane. Mlango ukiwa kwenye kona, kabari ya plastiki huinamisha kamera kuelekea njia ya kuingilia. Mwisho mwenye nyumba hufungua programu kwenye simu, hupiga picha msimbo ulio nyuma ya kifaa na kuandika nenosiri la Wi-Fi.

Matumizi ya kila siku

Vifaa vingi hutambua ujio wa mtu kwa kihisi cha joto, ambacho huona badiliko la joto la mwili linapopita mbele yake, au kwa kulinganisha picha moja na inayofuata. Kisiporekebishwa, kila gari na kila paka huamsha simu. Kwa hiyo programu humruhusu mwenye nyumba kuchora eneo linalohusika na kuiacha barabara nje ya mipaka. Video huhifadhiwa kwa njia mbili: kwenye kadi au kisanduku kilichomo nyumbani, au kwenye seva za kampuni kwa ada ya mwezi. Uamuzi huo huonekana mdogo siku ya kununua, lakini ndio uliozaa mabishano makubwa.

Picha inakwenda wapi

Katika mfumo wa Brown picha iliishia chumbani. Katika kengele ya kisasa hupitia intaneti hadi kwenye kompyuta za kampuni ndipo irudi kwenye simu. Mwaka 2018 Ring ilizindua programu ya majirani iliyowawezesha wateja kushirikishana video, na idara za polisi Marekani zikajiunga nayo. Julai 2022 Amazon ilimweleza Seneta Ed Markey kwamba vyombo 2,161 vya usalama vilikuwa humo, na kwamba mwaka huo ilikuwa imewapa polisi video mara 11 bila idhini ya wenye nyumba, kwa hoja ya dharura. Januari 2024 kampuni iliondoa njia iliyowawezesha polisi kuomba video kwa umma kupitia programu hiyo.

Mei 2023 Tume ya Biashara ya Marekani iliishutumu Ring kwa kuwaacha wafanyakazi na wakandarasi wafikie video za faragha za wateja, na kwa ulinzi hafifu uliowapa wadukuzi mwanya. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5.8 kumaliza shauri hilo. Kabla ya hapo, mwaka 2020, ilikuwa imelazimisha uthibitisho wa hatua mbili wakati wa kuingia, na mwaka 2021 ikatoa njia ya kufunga video kwa siri ili kampuni yenyewe isiweze kuitazama.

Uingereza ilikutana na suala hilo kwa upande wa jirani. Oktoba 2021 Mahakama ya Kaunti ya Oxford iliamua kwamba kamera na kengele ya mkazi mmoja zilivunja sheria ya ulinzi wa data na kumsumbua jirani yake. Sauti ilimkera jaji kuliko picha, kwa kuwa maikrofoni zilinasa maneno ya watu waliokuwa mbali na mlango.

Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Sheria ya Kenya inaacha kando shughuli za mtu binafsi au za nyumbani pekee. Kamera inayotazama kizingiti cha mwenyewe hukaa vizuri ndani ya msamaha huo; inayotazama njia ya umma au ua wa jirani huanza kuuvuka. Mwenye kengele ya video anayeelekeza lenzi kwenye kizingiti chake, anayezima kunasa sauti pasipo haja, anayewajulisha wageni kwa bango dogo na anayefuta video za zamani huondoa sehemu kubwa ya malalamiko yaliyofika mahakamani kwingineko.